Vita na Karatasi Zake

Mwaka 1914 mwanamume wa Kanada aliyetaka kwenda kupigana na Mjerumani alianza kwa kujibu maswali. Jina lako nani? Umezaliwa wapi? Ndugu yako wa karibu ni nani, na anakaa wapi? Unafanya kazi gani? Umeoa? Uko tayari kuchanjwa? Akishaweka sahihi alipimwa kimo na kifua, ikaandikwa rangi ya ngozi yake, ya macho na ya nywele, ikaandikwa dini yake, na mwisho likaandikwa kovu au alama yoyote aliyokuwa nayo mwilini. Swali hilo la mwisho linajieleza. Jeshi lilijua mapema kwamba kuna siku uso hautatosha kumtambua mtu.

Zaidi ya watu 600,000 walijaza fomu hiyo katika nchi ambayo haikuwa na watu milioni 8. Karibu 61,000 walikufa vita vikiendelea. Mafaili ya wote walioijaza yamehifadhiwa, na kufikia mwaka 2018 hifadhi ya nyaraka ya taifa ilikuwa imemaliza kuyapiga picha na kuyaweka kwenye intaneti, bure, kwa yeyote mwenye muda. Unaweza kufungua faili la kijana wa shamba aliyekufa miaka zaidi ya 100 iliyopita ukasoma alivyougua matumbwitumbwi kambini, alivyokatwa mshahara kwa kulewa, na kiasi alichokuwa akimtumia mama yake kila mwezi. Mshahara wenyewe ulikuwa dola 1 na senti 10 kwa siku.

Makumbusho ya Vita ya Kanada, jijini Ottawa, yana mizinga na vifaru vya kumtosha kila mwenye hamu navyo. Watoto huvikimbilia, na baba zao huwafuata wakijifanya wanawachunga. Mimi nilivutwa na karatasi, na kadiri nilivyozunguka ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba anayetaka kuielewa Kanada ya miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hana haja ya kuanza na bunduki. Aanze na fomu, cheti, pasi na kitambulisho: nani aliandikwa, aliandikwa kama nani, na karatasi aliyopewa ilimfungulia mlango au ilimfungia.

Kwanza jengo lenyewe. Lilifunguliwa Mei 2005, limelala chini kando ya Mto Ottawa, paa lake limeota nyasi, na ndani sakafu na kuta zimeinama kiasi kwamba mgeni hutembea kwa tahadhari bila kujua kwa nini. Aliyelibuni ni Raymond Moriyama. Moriyama alizaliwa Vancouver, na wakati wa Vita Kuu ya Pili, akiwa mtoto, alihamishwa pamoja na familia yake na kuwekwa kambini milimani, kwa sababu wazazi wake walikuwa na asili ya Japani. Sheria iliyotumika kuwaweka ndani ilikuwa Sheria ya Hatua za Vita, na sheria hiyo ilitungwa Agosti 1914. Kwa hiyo mtoto aliyefungwa na karatasi ya vita vya kwanza ndiye aliyekuja kupewa kazi ya kuvijengea nyumba vita vyote. Sijui kama waliompa kazi hiyo walilifikiria hilo kwa undani, ila mimi kila nilipopita kwenye ukuta ulioinama nililifikiria.

Ukumbi wa vita vya kwanza hauanzi na Ulaya. Unapita kwanza Afrika Kusini, kwenye vita vya Waingereza na Makaburu, ambako Kanada ilipeleka watu zaidi ya 7,000 kuanzia Oktoba 1899. Mwafrika anayeingia humo anaikuta Afrika mara moja, lakini anaikuta kama uwanja: vichaka, vumbi, farasi, reli. Waafrika wenyewe, ambao walibeba mizigo ya pande zote mbili na kufia katika kambi zao wenyewe, unawatafuta kwa tochi. Sikukasirika. Kila nchi huweka makumbusho kwa ajili ya wafu wake. Lakini nililiweka jambo hilo akilini, nikasonga mbele.

Maisha kabla ya vita yanaelezwa vizuri zaidi ng'ambo ya mto, upande wa Gatineau, katika Makumbusho ya Historia ya Kanada, jengo la mawe lenye mikunjo kama mto wenyewe, kazi ya Douglas Cardinal. Ukumbi wake mkuu wa historia ulifunguliwa 1 Julai 2017, shirikisho la Kanada lilipotimiza miaka 150. Shemeji yangu, mzaliwa wa Nyeri, mke wa kaka yangu, anaishi Gatineau na ndiye aliyenipeleka. Ni muuguzi, amezoea kusimama, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta viti.

Kanada ya miaka ile ilikuwa inaita watu kwa nguvu zote. Kati ya 1896 na 1914 waliingia wahamiaji karibu milioni 3, na mwaka 1913 peke yake waliingia zaidi ya 400,000. Kwa dola 10 za kujiandikisha, mwanamume aliweza kupewa ekari 160 za nyanda za magharibi, kwa sharti alime, ajenge na akae. Wengi walianza katika nyumba za matofali ya udongo wenye mizizi ya nyasi, zilizovuja hata mvua ikishakatika. Katika upweke ule kitabu kimoja kilikuwa karibu kila nyumba: orodha ya bidhaa ya duka la Eaton's la Toronto. Mke wa mkulima aliye kilomita 50 kutoka kituo cha treni aliagiza humo viatu, kitambaa, jiko, mbegu, na baadaye hata nyumba nzima, mbao zake zote zikiwa zimehesabiwa, ikaletwa kwa reli. Toleo la zamani lilipelekwa chooni, au watoto walilifunga kwenye miguu yao kama kinga walipocheza hoki kwenye barafu. Hapo ningekaa mpaka walinzi wafunge. Hakuna amri ya serikali wala hotuba ya waziri inayoonyesha vizuri jinsi watu walivyotamani kuishi kuliko kurasa zile za soksi, mataa na mashine za kushonea.

Ila ekari 160 hazikuwa tupu. Zilikuwa nchi ya Wakri, Wablackfoot na mataifa mengine ya Wenyeji wa Asili, waliosainishwa mikataba iliyopewa namba, mmoja baada ya mwingine, kuanzia 1871. Walitengewa maeneo, na tangu 1885 katika nyanda hizo mtu hakuruhusiwa kutoka kwenye eneo lake kwenda kuuza kuni, kumtembelea mgonjwa au kumwona mtoto wake katika shule ya bweni mpaka apate pasi yenye sahihi ya wakala wa serikali. Mfumo huo wa pasi haukuwahi kupitishwa na Bunge. Maofisa waliuanzisha tu, wakauendesha miaka na miaka, na wao wenyewe walijua hauna sheria nyuma yake. Karatasi humfunga mtu hata kama haina msingi.

Mchina naye alikuwa na karatasi yake. Baada ya maelfu ya Wachina kutumika kujenga reli ya kuvuka nchi, serikali ilimtoza kila mmoja wao kodi ya kichwa alipoingia: dola 50 mwaka 1885, 100 mwaka 1900, na 500 kuanzia 1903. Msomaji wa kwetu akisikia kodi ya kichwa anamkumbuka babu yake na askari wa mkuu wa wilaya. Hii haikuwa ya kila mwaka, ilikuwa ada ya mlangoni, ikilipwa mara moja na watu wa taifa moja tu. Cheti chake ni kizuri kukitazama, kina mapambo pembezoni na picha ya mwenyewe akiwa amekodoa macho kwa kamera. Dola 500 zilikuwa malipo ya kibarua ya karibu miaka miwili. Mwaka 1923 hata mlango huo wa kulipia ukafungwa.

Na Mei 1914, wiki chache kabla ya vita, meli ya Komagata Maru ilitia nanga Vancouver ikiwa na abiria 376 kutoka Punjabu, wengi wao Masingasinga, raia wa Mfalme wa Uingereza kama Wakanada wenyewe. Walizuiwa melini miezi miwili. Sheria ilitaka mhamiaji aje kwa safari moja isiyokatika kutoka nchi aliyozaliwa, na ilijulikana fika kwamba safari ya namna hiyo kutoka India haikuwepo. Julai 23 meli iligeuzwa chini ya ulinzi wa manowari. Siku 12 baadaye Ufalme huohuo ulikuwa vitani na kuwataka raia wake wote, wa Punjabu wakiwemo, waje kuulinda.

Shemeji alinivuta mkono tulipofika kwenye sehemu ya "raia wa adui". Hao wengi wao walikuwa Waukraine waliofika na pasipoti za Austria, kwa sababu kijiji chao kilikuwa chini ya mfalme wa Vienna. Serikali iliwaita kwa matangazo waje kulima, wakaja. Vita vilipoanza, watu wapatao 80,000 waliandikishwa, wakapewa vitambulisho, wakatakiwa kuripoti polisi kwa tarehe maalumu. Waliokosea, au waliokosa kazi tu, walipelekwa kambini. Watu 8,579 walifungwa katika kambi 24, na baadhi yao ndio waliopasua barabara katika mbuga ya Banff ambako leo watalii hupiga picha za milima. Shemeji alisoma maelezo kuhusu kitambulisho kile, akayarudia, kisha akasema, "Shemeji, si hiki ni kipande?"

Nilicheka, na aliyekuwa karibu yetu akageuka kututazama. Lakini alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika nchini Kenya ilitungwa 1915, vita vikiendelea, na kuanzia 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole na jina la mwajiri wake, akakitia katika kikopo cha bati na kukivaa shingoni. Huko na kwetu ilikuwa miaka ileile, dola ileile, na makarani waliofundishwa kazi moja. Vita viliifundisha serikali ya kikoloni kwamba mtu anashikika vizuri zaidi kwa karatasi kuliko kwa kamba.

Tuvuke tena mto. Wakanada wengi wamefundishwa kwamba taifa lao lilizaliwa kwenye kilima cha Vimy, kaskazini mwa Ufaransa, kati ya 9 na 12 Aprili 1917. Divisheni zote nne za Kanada zilipigana pamoja kwa mara ya kwanza, zikateka kilima ambacho majeshi mengine yalikuwa yameshindwa kukiteka. Waliouawa ni 3,598. Makumbusho yanaeleza ushindi huo kwa heshima, na kinachopendeza zaidi humo ni ramani: kiasi cha ramani 40,000 ziligawiwa kwa askari wa kawaida kabla ya shambulio. Zamani ramani ilikuwa ya afisa. Safari hii mchimba madini wa Nova Scotia na kijana wa Saskatchewan aliyeacha shule mapema walijua handaki lipi liko wapi na wafike wapi saa ngapi, ili afisa akianguka kazi isisimame. Karatasi ile ilimchukulia askari kuwa mtu mwenye akili, na hilo si dogo katika vita vilivyomchukulia kila mtu kuwa nyama.

Kuhusu taifa kuzaliwa pale, hapana. Siamini kwamba taifa huzaliwa kwa asubuhi moja, na mwaka uleule wa 1917 unapinga hadithi hiyo. Waliojitolea walipopungua, sheria ya kuwalazimisha watu kuingia jeshini ilipitishwa Agosti. Wanaume wasio na wake walioitwa kwanza walikuwa zaidi ya 400,000, na zaidi ya tisa katika kila kumi waliomba msamaha. Wafaransa wa Québec walilaumiwa sana, na ni kweli walikataa kwa sauti: wakati wa Pasaka ya 1918, katika mitaa ya mji wa Québec, wanajeshi waliletwa kutuliza ghasia na raia wanne wakapigwa risasi wakafa. Lakini tisa katika kumi si Québec peke yake. Ni Ontario pia, ni mashamba ya nyanda, ni baba wa Kiingereza aliyeimba wimbo wa Mfalme kanisani kisha Jumatatu akaenda kujaza fomu ya kumwombea mwanawe abaki nyumbani. Fomu hizo ni shahidi mzuri kuliko sanamu.

Kwenye uchaguzi wa Desemba mwaka huo serikali ilichezea hata karatasi za kura. Mama, mke, dada na binti wa askari walipewa haki ya kupiga kura, kwa matumaini kwamba wangeunga mkono sheria ile. Waliotoka nchi za adui wakapata uraia baada ya Machi 1902 walinyang'anywa haki yao. Ndivyo wanawake wa Kanada walivyoanza kuingia katika uchaguzi wa taifa: kwa kigezo cha nani wao alikuwa handakini. Mwaka uliofuata haki hiyo ilipanuliwa kwa wengi wao.

Sehemu ya Passchendaele imetengenezwa ili mgeni apite katikati ya tope. Tope hilo ni la bandia na halinuki, lakini linakufanya upunguze mwendo. Vita vya huko, Oktoba na Novemba 1917, viligharimu Kanada watu kama 16,000 waliouawa na kujeruhiwa. Mtu alijeruhiwa kidogo mguuni, akateleza kutoka kwenye ubao, akazama.

Karibu na hapo kuna dubu mdogo wa kuchezea. Nimeona mizinga mingi katika makumbusho ya nchi mbalimbali na sijawahi kusimama mbele ya mzinga kwa muda niliosimama mbele ya dubu huyu. Ni mdogo wa kutosha kuingia mfukoni. Hana macho, miguu imekatika, manyoya yamelika. Alikuwa kichezeo cha Aileen Rogers, mtoto wa miaka 10 wa shamba moja la Québec, ambaye alimtumia baba yake, Lawrence Rogers, aliyekuwa tabibu wa askari mstari wa mbele. Rogers aliuawa Passchendaele Oktoba 1917. Dubu alikutwa kwenye mavazi yake, akarudishwa nyumbani pamoja na vitu vyake vingine, na familia ikamtunza pamoja na barua zao zaidi ya 200. Nilijiuliza karani aliyeandika orodha ya vitu vya marehemu alimwandika vipi. Saa, kalamu, barua, na kisha? Hakuna nafasi ya dubu kwenye fomu.

Barua zenyewe zilikuwa anasa. Askari asiye na muda alipewa kadi iliyochapishwa tayari, yenye sentensi kadhaa fupi: ni mzima, nimelazwa hospitali, nimepata barua yako, sijapata barua yako siku nyingi. Kazi yake ilikuwa kufuta zisizomhusu na kuweka sahihi na tarehe. Akiongeza neno lolote, kadi ilichanwa. Mama alipokea kadi ya mistari iliyokatwa, akajua mwanawe alikuwa hai siku ile aliyoisaini. Nimewahi kusoma mashairi mengi ya vita, na machache yanafikia ukatili wa kadi hiyo.

Picha za kuchora ndizo zilizokataa kabisa kuwa fomu. Max Aitken, tajiri wa magazeti aliyekuja kuitwa Lord Beaverbrook, alianzisha mfuko wa kuwaajiri wachoraji wakachore vita vya Kanada, akiamini kwamba picha za kamera hazingedumu. Mmoja wao, Frederick Varley, alichora mwaka 1918 picha aliyoiita kwa swali: Kwa Ajili ya Nini? Mkokoteni umejaa maiti, umesimama kwenye tope la rangi ya kahawia na kijivu. Wazikaji wamepumzika, misalaba iko nyuma yao. Maiti hazina nyuso. Sitegemei mfuko wa vita kumlipa mchoraji ili aulize swali hilo, lakini huu ulimlipa, na nchi ikaitunza kazi yake. Naihesabu kuwa sifa ya nchi.

Walikuwepo pia watu ambao hata kujaza fomu walikatazwa. Wakanada weusi wa Nova Scotia na Ontario walipokwenda kujiandikisha, makamanda wengi waliwarudisha nyumbani, kwamba hivi ni vita vya wazungu. Walibisha hodi miaka miwili. Julai 1916 ikaundwa Batalioni ya Pili ya Ujenzi, watu zaidi ya 600, maofisa karibu wote wazungu, isipokuwa mchungaji wao, William White. Walipelekwa milima ya Jura kukata miti. Mbao zao zilijenga mahandaki na reli za mstari wa mbele. Wao walikabidhiwa shoka na misumeno. Serikali iliwaomba radhi rasmi Julai 2022, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa hai wa kusikia.

Wenyeji wa Asili zaidi ya 4,000 walikwenda. Francis Pegahmagabow, Mojibwe, mlenga shabaha na mpelelezi, alitunukiwa nishani ya ushujaa mara tatu, kisha akarudi katika kijiji kilichokuwa bado chini ya wakala wa serikali. Tom Longboat, Monondaga aliyeshinda mbio za Boston mwaka 1907, alipewa kazi ya kukimbia na ujumbe kati ya vituo vya mstari wa mbele. Jeshi lilimtangaza kuwa amekufa naye yu hai. Aliporudi alimkuta mkewe ameshaolewa na mwingine. Karani aliandika, na kilichoandikwa kikawa kweli.

Baada ya vita, askari wazungu walisaidiwa kupata mashamba, na sehemu ya ardhi hiyo, makumi ya maelfu ya ekari, ilimegwa kutoka maeneo waliyotengewa Wenyeji wa Asili, ambao wana wao walikuwa wamepigana vita vilevile. Kenya nayo ilikuwa na mpango wake wa namna hiyo, mwaka 1919: mashamba ya nyanda za juu kwa Wazungu waliotoka jeshini. Askari Waafrika wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, na wapagazi hawakuwemo.

Katika Ukumbi wa Kumbukumbu wa Makumbusho ya Vita kuna kitu kimoja tu. Ni jiwe la kaburi la askari asiyejulikana, lililokuwa Ufaransa mpaka mwaka 2000 mwili wake ulipohamishiwa Ottawa. Dirisha moja limepangwa kwa hesabu kiasi kwamba tarehe 11 Novemba, saa tano kamili asubuhi, jua huangukia jiwe lile. Hapo nilielewa jambo ambalo sanamu zetu hazijawahi kunifundisha. Askari huyu mmoja asiye na jina anaheshimika kwa sababu wenzake wana majina. Nyuma yake kuna mafaili 600,000 na ushei. Kuna Kitabu cha Kumbukumbu bungeni chenye majina zaidi ya 66,000, kinachofunguliwa ukurasa mwingine kila siku ili kila jina lisomeke walau mara moja kwa mwaka. Kuna majina 11,285 yaliyochongwa kwenye mnara wa Vimy, ya waliopotea Ufaransa bila kaburi. Kutojulikana kwake kumezungukwa na majina, ndiyo maana kumepewa ukumbi mzima.

Kwetu mambo ni kinyume. Vita vilevile vilipita Taveta, Moshi, Morogoro, Mahiwa mpaka Msumbiji. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake hawapungui 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Hao ni wengi kuliko wafu wote wa Kanada. Wameachia jina mitaa miwili, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ina maandishi ya Kiswahili na Kiingereza, na haina jina la mtu hata mmoja. Aprili 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Walioamua hivyo miaka ya 1920 waliandika sababu zao bila aibu: kwamba jiwe la kaburi halingekuwa na maana kwa watu wa namna ile.

Wale walioamua hawakukosa majina ya wote. Sehemu ya wapagazi iliandikwa, ikapewa namba, ikalipwa. Lakini mtu anaweza kuandikwa ili abebe mzigo, asiandikwe ili akumbukwe. Kama kuna mtafiti kijana anayesoma hapa, aliye karibu na nyaraka za Nairobi, Dar es Salaam au Zomba, hiyo ni kazi ya maisha, na haijaisha.

Nikirudi kwenye karatasi za Wakanada, nyingi zimekuwa vitu vya kuwekwa ndani ya kioo. Pasi ya wakala, cheti cha Mchina, kitambulisho cha Muukraine, kadi ya mistari iliyokatwa, vyote vimestaafu. Imebaki moja inayofanya kazi. Mwaka 1917 waziri wa fedha, Thomas White, alipeleka bungeni kodi ya mapato ya vita, akashauri iangaliwe upya mwaka mmoja au miwili baada ya amani. Amani ilikuja 1918. Shemeji yangu wa Nyeri huijaza fomu ya kodi hiyo kila mwaka akiwa mezani kwake Gatineau, na tarehe ya mwisho ni 30 Aprili.